Lango Lililogoma

Tangu aingie upolisi, Sajini Ambrosi alikuwa amezoea kuona watu wakirushiana kosa kama kaa la moto. Jumatatu ile asubuhi, katika kituo cha Tabora, aliwakuta wawili wakiligombea.

Mmoja alikuwa mahabusu, ameketi sakafuni na njuga zake bado miguuni, maana hakuna askari aliyethubutu kumvua. Huyo ndiye Limbu, manju wa ngoma ya Wagalu, aliyekuja kwa treni kutoka Bukene na wachezaji wake. Wa pili alisimama mbele ya askari wa zamu akipiga meza kwa kiganja. Huyo ni Mayala, fundi wa reli hapa hapa mjini, manju wa Wagika, na Wagika na Wagalu ni mahasimu tangu enzi za babu zao.

"Andika!" Mayala alimwambia askari. "Andika kwamba Limbu hana dawa ya kumvuta hata mbuzi. Jumamosi watu walikuwa wakija kwangu mimi!"

"Wamekufa watu wanne, Mayala," Ambrosi alisema kutoka mlangoni. "Na hao pia ni wako?"

Mayala aligeuka. Alimwona mtu mwembamba mwenye kanzu nyeupe na koti kuukuu, asiyefanana na polisi hata kidogo, na ndiyo sababu serikali ilimweka katika askari kanzu. Kiganja kilichokuwa kikipiga meza kilishuka.

"Hao hapana, afande," alisema. "Hao ni wa Mungu."

"Basi keti hapo. Tutaongea."

Mambo yalikuwa hivi. Jumanne, yaani kesho, Tabora nzima ilikuwa isherehekee kutawazwa kwa Malkia huko Uingereza. Kamati ya sherehe ilikuwa imeuzungushia uwanja uzio wa magogo, ikaacha malango mawili, moja mashariki na moja magharibi, na Jumamosi ikawaita watu kwa majaribio. Wagalu na Wagika walipangiwa kucheza pamoja kama ilivyo desturi: ngoma mbili kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na mwamuzi hakuna. Watazamaji ndio waamuzi. Hukimbilia huku, hukimbilia kule, na manju atakayebaki na watu wengi jua likizama ndiye mshindi. Ndiyo maana kila manju ana dawa yake ya kuvuta watu, na huizika ardhini upande anaochezea. Ni mchezo wa mbio tangu mwanzo hadi mwisho, na waliouwekea uzio ule bila shaka hawakuwahi kukaa wakautazama.

Alasiri umati ulikimbilia lango la magharibi. Waliotangulia walikwama langoni; waliokuwa nyuma hawakujua, wakazidi kusukuma. Vumbi lilipotulia, wanne walikuwa wamekufa. Mmoja wao ni Siwema, msichana aliyekuwa akiitikia nyimbo za Limbu, mtoto wa dada yake. Polisi walipofika walilikuta lango liko wazi, halina kufuli wala kamba. Lakini kila aliyenusurika aliapa neno lile lile: lango liligoma kufunguka. Mji mzima ukasema ni dawa. Jioni ile ile Limbu akaja kituoni kwa miguu yake, akanyoosha mikono atiwe pingu.

Ambrosi hakuwa na ugomvi na dawa za watu. Alichojua ni kwamba kesho treni za Mwanza na Kigoma zingeshusha watu maradufu ya wale wa Jumamosi, wote waingizwe ndani ya uzio ule ule. Lango lililogoma bila sababu kujulikana lingeweza kugoma tena.

Alimkuta Inspekta Drew akichonga penseli. Alikuwa Mwingereza mwenye haya, aliyejifunza Kiswahili vizuri na kukitumia kwa uangalifu kama mtu aliyebeba mayai.

"Limbu amekiri," alisema Inspekta. "Sheria ya uchawi inatosha. Keshokutwa anakwenda mahakamani."

"Bwana Inspekta, tangu lini wewe unaamini dawa ya ngoma?"

"Siamini."

"Sasa iliwauaje watu?"

Inspekta alipuliza vumbi la penseli mezani. "Kamati imeshapeleka taarifa kwa wakubwa. Lango lilikuwa wazi. Umati ulichanganyikiwa kwa sababu ya ushirikina. Wakubwa wameridhika."

"Mimi sijaridhika."

"Hukuulizwa, Sajini."

"Nikingoja kuulizwa, bwana, tutazika wengine."

Inspekta aliiweka penseli chini. Alikuwa mtu wa haki katika mambo madogo, na yale makubwa yalimtia hofu. "Una mpaka alasiri," alisema hatimaye. "Baada ya hapo ukawapange askari wa gwaride."

Ambrosi alianza na Mayala, maana ndiye aliyekuwa karibu; Limbu alikuwa amesharudishwa mahabusu.

"Ulichezea upande gani?"

"Magharibi. Karibu kabisa na lango."

"Na huko reli una waya na koleo, utakavyo."

Mayala alifura. "Nifunge lango ili iweje, afande? Ngoma yangu iko ndani! Mpiga ngoma wangu ni mmoja wa wale wanne. Jana nimemzika kwa mikono hii."

Aliinyoosha mikono. Ilikuwa na malengelenge mapya ya jembe. Ambrosi alimpa pole, na pole ile ilitoka moyoni.

"Basi nisaidie," alisema. "Unasema watu walikuwa wakikujia. Walipofika walikuzunguka? Walisimama?"

Mayala alitazama huku na huku kuona kama kuna Mgalu aliye karibu.

"Walinipita," alisema kwa sauti ndogo.

"Walikupita?"

"Mbio, wote. Hata kunitupia jicho hawakunitupia."

"Wakienda wapi?"

"Nitajuaje? Nilikuwa nimefumba macho, naimba."

Ambrosi alimwacha pale na aibu yake, akaenda hospitali. Benedikta, mama yake Siwema na dada mkubwa wa Limbu, alikuwa amelazwa, mbavu zimefungwa bandeji na rozari imezungushwa kwenye kifundo cha mkono. Katika ukoo ule dada alibatizwa, mdogo akabaki na mizimu ya babu, na hawakuwahi kukosana kwa ajili hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umekuja kuniuliza habari za dawa?"

"Nimekuja kukuuliza mlikuwa mnakimbilia nini."

"Maji." Alilitamka kana kwamba ameulizwa jina la mtoto wake. "Tangu asubuhi tumefungiwa mle kama ng'ombe wa mnadani. Jua kali, vumbi, watoto wanalia, na ndani hakuna hata kata moja ya maji. Ndipo yule wa kipaza sauti akatangaza kwamba mapipa yako nje ya lango la magharibi, twende tukanywe. Nani angebaki? Siwema alikuwa na kibuyu. Alisema, mama, ngoja nikuletee. Nikamwambia hapana, twende wote."

Vidole vyake vilisogeza punje za rozari.

"Na lango, mama?"

"Nililishika mimi mwenyewe. Lilisogea hivi." Akaonyesha upana wa kidole. "Likakwama. Tukasukuma tena, likasogea hivyo hivyo, likagoma. Watu wakaanza kulia kwamba Limbu amelifunga."

"Kila mara lilikomea pale pale?"

"Pale pale."

"Na wewe unasema ni Limbu?"

"Limbu ni mdogo wangu, nimembeba mgongoni. Kama ameniulia mwanangu, Mungu atamuuliza." Alikaza macho. "Lakini Mungu hajavaa kanzu akaja hapa kitandani. Umekuja wewe. Kaliulize lango."

Ambrosi alitoka na kile kidole kichwani mwake. Kama ni mambo ya mizimu, lango lingekataa moja kwa moja. Lango linalosogea kidogo na kukomea pale pale kila mara ni lango lililoshikwa na kitu chenye urefu wake.

Uwanjani vijana walikuwa wakitundika vitambaa vya rangi. Alilisukuma lango la magharibi kwa mkono mmoja, likafunguka kwa nje bila kelele. Alilifunga, akalifungua tena. Kisha akapiga magoti kwenye nguzo na kuipapasa polepole kutoka chini kwenda juu. Usawa wa kifua, gome lilikuwa limechubuka likazunguka nguzo yote, na chini ya gome mti ulikuwa bado mbichi. Kwenye ubao wa lango, usawa ule ule, kulikuwa na michubuko kama hiyo. Palikuwa pamefungwa kitu chembamba na kigumu, kikavutwa na watu wengi. Kamba ya katani haili mti namna ile.

Kitu chenyewe hakikuwepo. Akatoka nje ya lango.

Huko nje palikuwa pamepambwa. Njia iliyosawazishwa, yenye mawe ya chokaa kila upande, ilitoka langoni hadi jukwaa la wageni, jukwaa lenye paa na viti vya mito. Pembeni mwa jukwaa yalisimama mapipa ya maji, yamejaa hadi ukingoni, nzi wakielea juu yake. Madebe ya maua yaliyopakwa rangi nyeupe yalikuwa yamepangwa kando ya njia, kulia na kushoto. Ambrosi aliyatazama maua, kisha akatazama chini, akasimama.

Katikati kabisa ya njia ya lango, mahali ambapo mtu angepita, nyasi zilikuwa na viraka vya mraba, vya manjano, vimepangwa mstari mmoja kutoka nguzo hadi nguzo. Alikwenda kuliinua debe moja la pembeni. Chini yake nyasi zilikuwa kijani kibichi. Akalinyanyua la pili, na la tatu. Kijani.

Nyasi za mwisho wa masika hazibadiliki rangi kwa kufunikwa asubuhi moja. Madebe yale yalikaa katikati ya lango siku nyingi kabla ya Jumamosi, na yalihamishwa pembeni juzi tu. Limbu na Wagalu wake walishuka kwenye treni Ijumaa. Aliyeweka maua mbele ya lango hakutaka mtu apite hapo tangu siku alipoyaweka, na aliyeyaondoa alitaka polisi waone njia nyeupe. Ambrosi aliizuia hasira yake. Njia ya mwongo ni fupi, na hii iliishia kwenye madebe ya maua.

Kilichobaki ni waya. Na waya, katika mji ule, hautupwi. Baada ya vita kila kitu cha chuma kilikuwa adimu. Mtu akipata waya hutengeneza mpini wa ndoo, mtego wa panya, bangili. Aliyeutoa langoni alikuwa nao nyumbani. Uzio ulijengwa chini ya usimamizi wa Anton, fundi seremala wa Mtendeni, ambaye Ambrosi aliimba naye kwaya moja kila Jumapili. Ambrosi aliomba iwe mtu mwingine, akashika njia ya Mtendeni.

Flavia, mke wa Anton, alikuwa uani akianika nguo za watoto.

"Karibu, shemeji. Leo umekuja na uso wa kazi."

"Starehe, shemeji. Kamba yako ya nguo mpya?"

"Anton aliileta Jumamosi. Ile ya katani ilikuwa imeoza."

Ulikuwa waya mnene. Haukunyooka, kila baada ya kipande ulikuwa na kona, kana kwamba umewahi kukumbatia kitu. Anton alitokea mlangoni na randa mkononi. Alipomwona Ambrosi akiutazama waya, randa ilimponyoka.

"Ulizunguka nguzo mara ngapi, kaka?" Ambrosi aliuliza kwa upole.

"Nguzo gani?"

"Anton."

"Nauliza nguzo gani!"

Ambrosi alifungua ncha moja ya waya kutoka kwenye mpapai. Bila kuvutwa, waya ulijikunja ukarudia umbo lake, pete juu ya pete, upana wa nguzo ya lango. Kaptura ya mtoto ilianguka matopeni.

Flavia aliutazama waya, akamtazama mumewe. Hakupiga kelele. Alizitoa nguo zilizobaki moja moja, akazitupa kwenye beseni, kisha akasimama mbele ya Anton.

"Nimeanika nguo za wanangu juu ya kitu hiki," alisema. "Utasema hapa hapa, au utasema mbele ya altare. Popote utakaposemea nitakuwepo."

Anton aliketi kwenye kizingiti. Maneno yalimtoka bila mpangilio, naye alikuwa akilia. Aliyetoa amri ni katibu wa kamati ya sherehe, Bwana Carver, ambaye mji mzima ulimwita Bwana Bustani kwa jinsi alivyopenda maua kuliko watu. Yeye ndiye aliyeagiza lango la magharibi lifungwe kwa waya wiki nzima kabla, ili mbuzi na watu wasikanyage njia ya wageni. Jumamosi asubuhi Anton alimwuliza kama alifungue. Alijibiwa kwamba watu wataingilia mashariki na watatokea mashariki. Yule wa kipaza sauti hakuambiwa. Aliona mapipa nje ya lango, akatangaza maji.

"Na baada ya vifo?"

"Alisema niukate upesi, nihamishe na madebe, kabla hamjafika. Nikasita. Akasema mikono iliyofunga ni yangu, si yake, na mwenye kunyongwa nitakuwa mimi."

"Na ukanyamaza, Limbu akaja kujifungisha."

"Limbu alikiri mwenyewe!" Anton alifoka. "Mimi ningemzuiaje?"

"Kwa mdomo," alisema Flavia.

Inspekta Drew alisikiliza yote, akaushika waya, akauweka mezani. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Lakini alipofungua kinywa, mayai yalikuwa bado kikapuni.

"Hili litachunguzwa. Baada ya sherehe."

"Na uzio, bwana? Kesho lango la magharibi litakuwa na wageni wakubwa. Watu wote watabaki na moja. Mapipa yako nje."

"Siwezi kubomoa uzio wa kamati kwa neno la seremala dhidi ya neno la katibu, wakati manju amekiri. Kama asingekuwa amekiri..." Aliinua mabega. "Lakini amekiri."

Kazi ya mpelelezi ni kumfanya mtu akiri. Ambrosi alikwenda mahabusu kufanya kinyume chake.

"Mwangaluka, baba," alimwamkia Limbu kwa Kinyamwezi, akaketi naye sakafuni.

"Mwangaluka." Limbu alikuwa mtu wa makamo, mabega mapana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Umekuja kunipeleka?"

"Nimekuja kuuliza. Dawa yako uliizika wapi?"

"Mashariki. Chini ya ngoma kubwa."

"Inavuta watu waende wapi?"

"Waje kwangu. Dawa ya manju inavuta kwa manju. Hata mtoto anajua."

"Siwema alifia wapi?"

Njuga zililia kidogo. Limbu alikuwa amekunja miguu.

"Magharibi," alisema.

"Alikuwa anakuja kwako, au anakuacha?"

Kisha Ambrosi akamweleza yote, waya, madebe, maji, kile kidole cha Benedikta. Hakumficha neno. Alipomaliza, manju alicheka, kicheko kikavu kisicho na furaha.

"Unajua unaniomba nini, afande? Nikiwa nimewaua, mimi ni mchawi, watanifunga, na Wagalu wataniimba mpaka Mwanza: Limbu aliyevuta watu hadi wakafa. Nikisema hivyo unavyotaka, mimi ni manju aliyekimbiwa. Ameachwa na mpwa wake mwenyewe kwa ajili ya kata ya maji. Nani atanifuata tena? Na hilo unataka niliseme mbele ya Mayala!"

"Mbele ya Mayala na mji mzima."

"Hapana."

"Basi uimbwe," Ambrosi alisema akinyanyuka, na safari hii hakuizuia hasira yake. "Uimbwe vizuri. Wanaokuimba watakuwa ndani ya uzio ule kesho, na kiu ile ile, na lango moja. Wakifa, nao watakuwa wako? Umemlilia Siwema, au umejilia mwenyewe?"

Limbu aliruka akasimama, pingu zikagongana. Ambrosi alidhani angepigwa, wala hakurudi nyuma. Walitazamana hivyo, kifua kwa kifua, mpaka pumzi ya manju ikatulia.

"Babu yangu alikuwa kirangozi," Limbu alisema. "Aliongoza misafara ya pembe kutoka Kwihara mpaka pwani, mamia ya wapagazi. Alikuwa na neno moja tu la kutuachia: msafara haulazwi mbali na maji. Anayewalaza watu mbali na maji si kiongozi, ni mwuaji." Aliinama, akaanza kuzifungua njuga kwa vidole vilivyokuwa pinguni. "Nami niliona hakuna maji ndani. Niliona asubuhi. Nikasema, acha, wakiwa na kiu watabaki kwenye ngoma. Hilo ni langu. Hilo utaliandika. Lakini lile lango si langu."

Sheria inamruhusu mpelelezi kumtoa mshitakiwa akaonyeshe mahali pa tukio, na hiyo haihitaji sahihi ya mtu. Akiwa na askari mmoja, Ambrosi alimtoa Limbu kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, akapita naye katikati ya soko makusudi. Walipofika uwanjani walikuwa na msafara nyuma yao: Wagalu waliokata tamaa, Wagika waliokuja kucheka, wanawake na ndoo zao, Mayala akiwa mbele, na Flavia akimshika Anton mkono asirudi nyuma.

Limbu alichimba upande wa mashariki kwa mikono yake. Alitoa kipembe kilichofungwa kitambaa cheusi, akakiinua juu. Watu walirudi nyuma.

"Hii ndiyo dawa!" alipaza sauti, na ilikuwa ile sauti ya ngoma, iliyofika kila kona. "Imezikwa hapa, ivute watu waje hapa. Waliokufa walifia kule! Walikuwa wananikimbia. Walitaka maji, na maji yaliwekwa nje, na lango lilifungwa kwa waya ili maua ya wazungu yasikanyagwe. Kiu ilinishinda. Mimi Limbu nawaambia, kiu ilinishinda ngoma, na Siwema aliniacha akaenda kumtafutia mama yake maji, na alifanya vizuri!"

Mzee mmoja wa Wagalu alitema mate, akageuka, akaondoka bila kutazama nyuma. Wengine wawili wakamfuata. Limbu aliwaona na hakuinamisha kichwa. Kicheko cha Wagika kilikuwa kimeshaanza pale Mayala alipopiga hatua mbele, akavua kofia yake ya reli.

"Nani anacheka?" alinguruma. "Na mimi walinipita. Nyote mlinipita! Mpiga ngoma wangu alitupa ngoma, akakimbilia maji."

Anton alisema ya kwake kwa sauti iliyokatika katika, lakini alisema. Alipofika kwenye neno waya, hakuna aliyesikiliza zaidi. Ambrosi alimfungua Limbu pingu, akaenda hadi kwenye uzio, akashika gogo la kwanza.

"Haya," alisema. "Yote yang'oke kabla ya jua kuzama. Mapipa yaingie katikati, na kesho yafunikwe, kila pipa na kata yake."

Wagalu walishika upande mmoja, Wagika upande mwingine. Walikuwa hawajawahi kushika kitu kimoja. Magogo yalianza kulala chini, moja, jingine, na mtu fulani akaanzisha wimbo wa kung'olea.

Gari lilikuja likifukuza kuku. Bwana Bustani alishuka kabla halijasimama, na nyuma yake akashuka Inspekta Drew.

"Nani ametoa amri hii?"

"Mimi," Ambrosi alisema.

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Sikuomba."

Bwana Bustani alimsogelea, akamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini ili watu wasisikie, kwamba kesho atavuliwa tepe zake na nyumba ya serikali atahama. Ambrosi alikijua Kiingereza vizuri. Alijibu kwa Kiswahili, kwa sauti ya juu, ili wasikie wote.

"Kesho nina kazi ya kulinda watu, bwana. Nivue keshokutwa. Ila leo, kabla ya yote, utakuja kituoni utoe maelezo juu ya vifo vya watu wanne. Askari huyu atakuonyesha njia."

Wimbo ulikuwa umenyamaza. Bwana Bustani alimgeukia Inspekta, akingoja. Inspekta Drew alitazama shimo la gogo lililong'olewa, akatazama watu, akatazama viatu vyake, wala hakutoa amri ya kuwazuia.

Ambrosi naye hakumngoja. Kulikuwa na gogo kubwa la pembeni, na Mayala na Limbu walikuwa wameshindwa kuliinua wakiwa wawili. Alikunja kanzu yake hadi magotini, akaingia katikati yao.